Salamu za Wimbo wa Nane

Albamu ya Tarsis ilipopendwa, ilipendwa kweli kweli. Pale stendi ya Makambako wauza flashi za nyimbo waliiwasha asubuhi na hawakuizima mpaka wanafunga vibanda. Malori ya mbao yalishuka nayo Dar es Salaam na kupanda nayo tena. Watu wa kijijini kwake waliozoea kumcheka kwa kofia yake pana na viatu vyake virefu vya ngozi, wakimwita Mzungu wa Uwemba, sasa walimsimamisha njiani wapige naye picha. "Ukungu wa Mlimani" ilikuwa na nyimbo nane, zote za kantri, zote kwa Kiswahili chenye Kibena kidogo kwenye kiitikio, na mwaka ule harusi gani Njombe ilipita bila wimbo wa nane?

Na mwenye albamu alikuwa anakula peke yake. Tusifichane. Mkewe Idda alifariki miaka sita iliyopita. Watoto wawili wako mbali, mmoja Dar, mmoja Mbeya, wanapiga simu Jumapili wakikumbuka. Aliyebaki karibu alikuwa kaka yake Kasimiri, ambaye nyumba yake ipo ng'ambo tu ya shamba la viazi. Kwa miaka yote hiyo sita walikula pamoja kila jioni, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na njia ya katikati ya nyumba hizo mbili ilikanyagwa mpaka nyasi zikakata tamaa. Mwezi wa tano Kasimiri aliiziba njia hiyo kwa mabanzi ya mbao. Alipigilia na misumari.

Kisa ni salamu. Tarsis ni mtu wa rika lile lililokua likituma kadi za salamu redioni, na kwake yeye wimbo usiotaja watu ni sawa na mgeni anayekatiza uani kwako bila kupiga hodi. Kwa hiyo mwishoni mwa wimbo wa nane gitaa linashuka chini, naye anaanza: madereva wa mbao, masista wa misheni, akina mama wa sokoni Njombe, mwalimu Lenard, jumuiya ya Mtakatifu Anna, fundi viatu, hata Jenifa muuza chai wa stendi ya Makambako. Salamu thelathini na moja. Majirani walizihesabu. Kasimiri hayumo.

Sasa huyo Kasimiri ndiye aliyemshikisha gitaa. Zamani, wakiwa vijana wanapasua mbao, dereva mmoja wa lori la Zambia alimwachia Kasimiri kaseti ya kantri pale Makambako. Kasimiri akaisikiliza mpaka utepe ukakwaruzika, akachonga gitaa kwa ubao wa msindano, akalifunga waya za breki za baiskeli, akamwita mdogo wake akamwambia kaa hapa. Tangu siku hiyo Tarsis aliimba na kupiga gitaa la kwanza, Kasimiri akapiga la pili. Kama si nyonga ya Kasimiri kuharibika, hata studio wangekwenda wote. Lakini wiki ya kurekodi Kasimiri alikuwa amelazwa hospitali ya Ikonda, amefanyiwa upasuaji, na Tarsis akapiga magitaa yote mawili mwenyewe.

Lawama zilipofika, Tarsis hakubabaika. "Nilikutaja, kaka," alisema. "Nilikuweka mwisho kabisa, kwa heshima. Studio ndio wamekata mkia wa wimbo."

Na ni kweli wimbo ule hauishi vizuri. Sauti inafifia, inafifia, halafu basi. Tarsis alilisema hilo kwa Kasimiri, akalirudia mbele ya jumuiya nzima siku ya sala, akamwambia na katekista. Hakuwa anadanganya. Alilikumbuka jina la kaka yake likitoka kinywani mwake kama anavyokumbuka jana alikula nini.

"Basi niletee huo mkia niusikie," Kasimiri alisema, na hakusema naye tena.

Mtu mwenye akili angepanda gari kesho yake kwenda studio kuufuata. Tarsis hakupanda. Alikuwa anaitwa huku na huku kuimba, anapigiwa makofi, na moyoni akajiambia kaka atapoa tu, hasira za wazee hazidumu. Mwezi wa sita ukapita, wa saba ukapita. Jioni alikuwa anarudi kwenye nyumba yenye baridi, anawasha moto, anapika viazi vya watu wawili kwa mazoea, anakula vya mmoja. Siku moja ya mwezi wa nane alimwona Kasimiri ng'ambo ya mabanzi akivuna viazi peke yake, anaegemea fimbo kwa mkono mmoja na ameshika jembe kwa mwingine. Alipomwita, Kasimiri aligeuza mgongo. Kesho yake Tarsis alikuwa Makambako.

Studio ya Brayson ni chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri. Upepo wa Makambako hauna adabu, kwa hiyo kijana huyo amebandika trei za mayai ukuta mzima na kutundika mablanketi mlangoni, na bado kuna siku anasubiri upepo utulie ndipo arekodi.

"Shikamoo, mzee. Karibu sana, staa wetu."

"Marahaba. Nataka wimbo wa nane kama nilivyouimba, kabla hujaukata."

Brayson alitafuta kwenye kompyuta, akampa zile spika za masikioni. Tarsis alifumba macho. Akajisikia akiimba, akajisikia akitaja: masista, mwalimu Lenard, fundi viatu, Jenifa. Thelathini na moja. Alikaza mikono magotini akisubiri. Gitaa likaendelea kidogo, likanyamaza. Mtu akakohoa, ni yeye mwenyewe. Kisha sauti yake ikasema, "Tayari, zima."

"Rudisha," alisema Tarsis.

Brayson akarudisha. Mara tatu akarudisha. Mara ya nne Tarsis alivua zile spika akaziweka mezani taratibu.

Hakukuwa na mkia. Alikuwa amelisahau jina la kaka yake, na alilisahau kwa namna ambayo hata aibu ilikosa pa kushika. Majina aliyaandika kwenye karatasi usiku wa kuamkia siku ya studio, na jina la Kasimiri hakuliandika kwa sababu salamu unamtumia mtu aliye mbali. Nani anamtumia salamu mtu anayekula naye sufuria moja? Kumbe wiki ile Kasimiri alikuwa Ikonda, chali kitandani, mbali kuliko wote thelathini na moja.

Brayson si mjinga, alishaelewa. "Mzee, ingia pale ndani utaje sasa hivi. Nitaiunga, hakuna atakayejua."

Nasema ukweli, Tarsis aliingia. Alisimama mbele ya kipaza sauti akasema, "Na wewe kaka yangu Kasimiri, uliyenipa gitaa." Brayson akaunga, wakasikiliza. Ilikaa vizuri. Mtu yeyote angeamini, isipokuwa mmoja. Kasimiri ni mtu anayesikia waya mmoja umelegea akiwa nyumba ya pili. Angesikia kwamba majina yote yamesemwa na mtu mwenye furaha, na hili la mwisho na mtu mwenye hofu.

"Futa," alisema Tarsis. "Nipe ile ile ya kwanza, kwenye simu."

Kufika kwa Kasimiri sasa ni lazima uzunguke barabarani. Alimkuta amekaa nje juani, fimbo pembeni, anachambua maharage kwenye ungo.

"Kamwene, kaka."

"Kamwene."

Hakukaribishwa kiti. Alichuchumaa, akaiweka simu kwenye ungo katikati ya maharage, akaiwasha. Kasimiri alisikiliza ameinamisha kichwa. Alisikiliza majina yote, akasikiliza kikohozi, akasikiliza "Tayari, zima."

"Mkia ndio huo?"

"Ndio huo. Hakuna aliyeukata. Sikukutaja, kaka. Nilijua nimekutaja, lakini sikukutaja."

Kasimiri alichagua haragwe moja bovu, akalitupa. "Siku flashi ilipofika hapa, niliwaita majirani. Alikuja Hosea, akaja Juliana na wanawe, wakajaa hapa uani. Nikawanunulia pombe ya ulanzi. Majina yalipoanza wakawa wananitazama. Nikawaambia tulieni, mdogo wangu namjua, mimi ataniweka mwisho." Akachambua mengine mawili. "Wimbo ukaisha. Wakaaga mmoja mmoja. Hakuna aliyemaliza kikombe chake."

Tarsis alivua kofia yake pana.

"Kusahau, mtu anasahau," Kasimiri akaendelea. "Nilikuwa nimeshajiandaa kukusamehe. Nilikaa hapa hapa nakusubiri uje useme umesahau. Ukaja na habari za studio. Ukazisema mpaka kwenye jumuiya, nikaonekana mimi ndiye mzee mwenye wivu. Miezi mitatu, Tarsis."

"Nisamehe, kaka."

"Nimesikia." Akamrudishia simu. "Nenda, jua linashuka, baridi itakukuta njiani."

Njiani! Kwa njia ya zamani ilikuwa ni kukohoa mara mbili umefika. Tarsis alizunguka barabarani, akapita mbele ya duka ambapo wimbo wake ulikuwa unalia, na watu wawili wakampungia mkono.

Alikuwa anamenya viazi mlangoni kwake aliposikia wimbo wa nane kutoka ng'ambo, kwenye redio ya Kasimiri. Kisha likaingia gitaa jingine, gitaa lenyewe la pili, likipita chini ya sauti yake na kurekebisha kila mahali alipokosea. Tarsis aliacha kumenya. Tangu Ikonda hakuwa amelisikia gitaa lile. Liliendelea mpaka gitaa la kwenye redio liliposhuka na majina kuanza. Hapo Kasimiri akaacha kupiga. Majina yote thelathini na moja yakapita matupu, redio ikazimwa, mlango ukafungwa.

Viazi vilipoiva Tarsis alivigawa kwenye sahani mbili. Moja akaifunika kwa sahani nyingine, akavuka shamba, akaiweka juu ya nguzo ya mabanzi, mahali mkono wa mtu mwenye fimbo unapofika. Akasimama pale kidogo. Akasema, "Kaka, chakula," kama walivyozoea, akarudi ndani.

Asubuhi kulikuwa na umande ulioganda shamba zima. Sahani ilikuwa pale pale, imefunikwa weupe, haijaguswa. Tarsis aliifungua akala viazi vile vya baridi hapo hapo, amesimama, akiitazama misumari.

Jioni akapika tena vya watu wawili.