Turubai la Elina Lilipoanguka

Elina Kitundu hakuwa mtu wa kununua kitu asichokielewa. Siku Moses, wakala wa bima kutoka Singida mjini, alipofika Shelui na mkoba wake, Elina alimketisha kwenye kimoja cha viti alivyokuwa akiwakodishia watu pamoja na maturubai, akamwambia asome mkataba wote kwa sauti. Ulikuwa mwaka 2001. Kampuni binafsi za bima zilikuwa bado ngeni huku. Watu walijua ile ya gari tu, ya kumwonyesha trafiki.

"Hii hailindi turubai lako, mama," Moses alieleza. "Inamlipa mtu akiumia kwa uzembe wako wewe mwenye biashara."

"Hata kama kosa ni langu?"

"Hapo hasa ndipo inapofanya kazi. Ilimradi hukukusudia."

Elina akalipa. Kaka yake Paulo, aliyemsaidia kufunga maturubai kwenye harusi na misiba, alicheka wiki nzima.

Septemba ilipofika, upepo ukavuma kama unavyovuma kila mwaka mashamba yakiwa matupu. Jumamosi moja walikuwa na harusi nje kidogo ya Shelui. Upande mmoja wa uwanja ulikuwa mwamba mtupu, vigingi vikagoma kuingia, basi Elina akaifunga kamba kwenye nguzo ya zizi la mbuzi. Aliitikisa nguzo mara mbili, akaona inatosha.

Haikutosha. Wakati wa kutoa zawadi upepo uliingia chini ya turubai, ukalinyanyua, nguzo ya zizi ikang'oka. Bomba la chuma lililosimamisha turubai lilimwangukia Mzee Lazaro, mjomba wa bibi harusi na fundi cherehani anayejulikana barabara nzima, likamvunja mkono wa kulia. Elina hakungoja kuulizwa. Alikodi pikapu, akampeleka hospitali, akakaa naye mpaka mkono ukafungwa plasta.

Jumatatu alimpigia Moses simu.

"Usikiri chochote, usiahidi chochote," Moses alisema. "Na usiende kwao mpaka mkaguzi afike."

"Moses, huku kwetu asiyeenda kumwona mgonjwa ndiye aliyekiri. Nitakwenda. Ahadi sitatoa."

Alikwenda na unga na kuku. Mzee Lazaro alikuwa kitandani, mkewe Theresia pembeni yake, na wapwa wao watatu wamekaa wameegemea ukuta wakiwa na karatasi tayari.

"Shikamoo baba. Nimekuja kukupa pole."

"Marahaba mwanangu. Nimeshapoa."

"Andika hapa kwamba utamtunza," mpwa mmoja alisema, "ama maturubai yako tunayachukua."

"Leo siandiki kitu," Elina alijibu bila kupandisha sauti. "Mkaguzi wa bima anakuja Alhamisi. Mniulize mbele yake, nami nitajibu. Nyumba yangu mnaijua."

Theresia alimpokea kuku. Wapwa wakaikunja karatasi yao.

Alhamisi mkaguzi, bwana mmoja mpole aitwaye Antipasi, aliwauliza watu mmoja mmoja pale uwanjani. Elina alikuwa anapendwa, na kila mmoja alitaka kumwokoa. Ni upepo, walisema. Upepo wa Mungu, nani angeuzuia? Hata Mzee Lazaro, mkono ukiwa umening'inizwa shingoni, alisema hivyohivyo: "Simlaumu mtoto huyu."

Antipasi aliandika upesi, akafunga kalamu.

"Bwana Antipasi," Elina alimwita, "ikiwa ni upepo tu, Mzee atalipwa na nani?"

"Hakuna, mama. Kampuni inabeba kosa lako. Kama huna kosa, hatuna cha kubeba."

Ndipo watu walipoona kwamba kwa huruma yao walikuwa wanamnyang'anya mzee haki yake. Paulo alimvuta dada yake kitenge, naye Elina akauondoa mkono wa kaka yake taratibu, akamwongoza mkaguzi mpaka kwenye zizi.

"Upepo ni wa Mungu. Kamba niliifunga mimi, hapa, kwenye nguzo ya mti uliooza chini. Nilijua kigingi ndicho kinachotakiwa."

Antipasi aliutazama ule mti, akaupiga kwa kiatu, ukamegeka.

"Unajua ungenyamaza usingelaumiwa?"

"Najua. Lakini yeye angekaa miezi mitatu bila kushona wala kulipwa, nami ningepita mlangoni kwake kila siku."

Antipasi akaifungua tena kalamu.

Kampuni ililipa gharama za hospitali, na zile siku za kazi ambazo Mzee Lazaro alizipoteza. Harusi mbili zilimkimbia Elina baada ya habari kuenea kwamba kosa lilikuwa lake. Moyoni aliumia, ila hakumfuata mtu kumbembeleza. Alimwendea mchomeleaji pale stendi ya malori akatengenezewa vigingi virefu vya nondo, vyenye ncha ya kutoboa mwamba, na kabla ya Krismasi alikuwa anaitwa kwenye harusi mpaka mbali kule Mtinko. Waliomwita walisema wazi: huyu akikuumiza hakukimbii.

Januari Mzee Lazaro alirudi kwenye cherehani yake, vidole bado vizito. Kazi ya kwanza aliyoletewa ilikuwa turubai la Elina lililochanika siku ile ya harusi. Alilishona kutwa nzima, akamtoza Elina bei kamili, na Elina hakuomba kupunguziwa.