Sufuria Kabla ya Kura

Katika kampeni ile yote, mpinzani hakumsumbua sana Goretti Nyirabizimana. Aliyemsumbua ni Modeste. Huyu Modeste ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, na hakuna aliyemwomba awe mkuu wa kampeni. Alijiteua mwenyewe Jumapili moja baada ya ibada, akavaa koti lake la harusi, na tangu siku hiyo hakulivua. Wahenga walituambia kikulacho ki nguoni mwako. Hawakutuambia la kufanya ikiwa kikulacho kinakupenda kwa moyo wote, kinakuombea asubuhi na jioni, na kinakuita Mama Olga kwa heshima zote.

Kiti chenyewe si kikubwa. Wakimbizi wa kambi ya Nakivale hawapigi kura za nchi iliyowapokea, lakini wana mabaraza yao, na kila kijiji cha zoni ya Juru hupeleka mtu mmoja kwenye baraza la zoni. Hakuna mshahara wala gari. Kuna benchi la mbao na maneno mengi. Lakini ni kwenye benchi hilo panaposemwa barabara itengenezwe wapi na bomba la maji liwekwe wapi, na Aloys Semahoro, chamani, yaani mwenyekiti wa kijiji, alikuwa amelikalia miaka mingi hata watu wakasahau kwamba linaweza kukaliwa na mwingine. Bomba la kwanza lilipokuja lilishuka moja kwa moja mpaka mlangoni pake, kule bondeni, kana kwamba lilikuwa limeelekezwa nyumba.

Watu wa mlimani, upande wa Goretti, walikuwa wakiteremka na madumu kabla ya jua, wakiyapanga mstari na kungoja. Olga, binti yake wa kwanza, alikuwa anarudia darasa la sita kwa mara ya pili, si kwa ujinga bali kwa madumu. Mwalimu alikwisha kusema: akichelewa hivi tena mwaka huu, asijisumbue kurudi. Sasa habari zilitoka ofisini kwamba bomba la pili linakuja, na baraza jipya ndilo litakaloonyesha mahali pa kuliweka. Aloys alikuwa ameshatangaza lake: sokoni, ubavuni mwa duka la mpwa wake. Goretti alilitaka mlimani. Ni hilo tu lililomtoa kwenye shamba lake la maharage akaanza kupita nyumba kwa nyumba, na ni jambo ambalo hata mtoto angelielewa. Modeste alilielewa pia, ila alilielewa kwa namna yake.

Walianza na mabango. Walikwenda mjini Mbarara, mtaa wa Kakoba, kwa mchapaji mmoja aitwaye Kabera, kibanda chake kati ya saluni na kijiwe cha boda boda. Goretti alikuwa na picha moja nzuri, amevaa kitambaa cha kwaya. Akamkabidhi Modeste picha hiyo, yeye akakimbia soko la Nyamityobora kutafuta mbegu za mboga kabla gari la kurudi halijajaa. Hapo ndipo alipokosea, na alilijua kosa lake mara tu alipoingia tena kibandani. Mabango yalikuwa yakikauka mezani, na kwenye kila bango kulikuwa na watu wawili. Mmoja alikuwa yeye, kwenye kona ya chini, mdogo kama stempu. Wa pili alikuwa Modeste, amefunga tai.

"Nnyabo, mama," Kabera alimuuliza kwa upole, kwa kile Kiswahili chao cha Mbarara, "huyu mwanaume iko kandideti, ama iko bwana yako?"

"Hata kimoja," alijibu Goretti.

"Mama Olga, usikasirike," Modeste alisema. "Foto ya mwanamuke peke yake, batu batafikiri ni tangazo ya kilio. Batauliza, alikufa lini huyu mama? Nimeweka yangu pembeni kusudi baone uko muzima."

Pembeni! Kazi ilikuwa imeshafanyika, na Kabera si mtu wa kurudia kazi bure. Kwa hiyo mabango yale yalibandikwa hivyo hivyo kwenye milango ya Juru, na vikongwe wakaanza kumshika Modeste mkono njiani, wakimwapia kwamba watapanga mstari nyuma yake. Naye, badala ya kuwasahihisha, aliwashukuru.

Lakini bango ni karatasi, na mvua moja iliyamaliza yote. Balaa lenyewe lilikuwa karamu.

Ni desturi ya watu wa Kivu ya Kusini, kule walikotoka, na Goretti hakuwa mtu wa kuipinga: ukiita watu, unawalisha. Tena baada ya kura, aliyeshinda na aliyeshindwa hula pamoja mbele ya watu, kusudi kisibaki kinyongo. Goretti alikuwa amepanga chai na mandazi. Modeste akasimama kanisani wakati wa matangazo, bila kumuuliza mtu, akalialika kusanyiko zima: wali, maharage na nyama ya mbuzi, nyumbani kwa Mama Olga, kura zikishahesabiwa tu. Watu walipiga makofi kuliko walivyopigia mahubiri. Goretti alikuwa amekaa kwenye safu za kwaya, mbele ya macho yote, akalazimika kutabasamu.

"Nani alikutuma?" alimkabili nje ya mlango. "Wali wa kijiji kizima unautoa wapi? Na maji, Modeste? Maji ya kupika wali wa watu wote hao yatatoka wapi? Si ndiyo shida tunayoililia?"

"Mama Olga, batu habawezi kupanga mustari na njaa. Aloys anabapa nini? Maneno. Sisi tutabapa chakula. Ile mayi uniachie mimi."

Ahadi ni deni, na hii ilikuwa imetolewa mbele ya madhabahu. Mchele ukatoka kwa huyu na yule, mbuzi akatoka kwa Néhémie, mume wa Goretti, ambaye alimwangalia yule mbuzi kwa muda mrefu. Kuhusu maji, wanawake wa kwaya ndio waliolibeba hilo. Kiongozi wao, Chantal Mutesi, ana sauti ya kusikika kutoka kilima kimoja hadi kingine, na ndiye aliyewatoa wenzake siku mbili mfululizo kuteka na kujaza mapipa mawili uani kwa Goretti. Wale ndio waliokuwa nguvu yake, wanawake kumi na wanne wa mlimani, kila mmoja na mgongo unaomuuma kwa sababu ya bomba la bondeni. Goretti akawapangia vizuri: maharage yawekwe motoni alfajiri, bibi wawili wasioweza kusimama juani wayalinde, wengine wote waende uwanjani. Asikose hata mmoja. Alirudia mara ngapi? Alirudia mpaka Chantal akamwambia basi.

Siku ya kura ilikuwa Jumapili, kwenye uwanja wa mpira, hatua chache tu kutoka kwa Goretti. Kila mtu alijua afisa kutoka ofisini angefika saa nne kama karatasi ilivyosema, maana yake saa saba. Ndivyo ilivyokuwa miaka yote. Safari hii alikuwa na kijiji kingine cha kusimamia mchana, akafika mapema, akatoa filimbi mfukoni, akaipuliza saa nne kamili. Watu walitoka majumbani wakifunga vifungo.

Kura yenyewe ni ya kusimama. Wagombea husimama mbele, migongo yao kwa watu, na kila mtu hupanga mstari nyuma ya anayemtaka. Mgombea haruhusiwi kugeuka, asije akamtisha mtu kwa macho. Goretti alisimama akitazama magoli yasiyo na nyavu. Aloys alikuwa kushoto kwake, ametulia, akipiga mluzi wimbo wa ibada. Uwanja ulikuwa umelowa, hakuna vumbi hata chembe, na Goretti alishangaa kidogo kwa sababu mvua haikunyesha usiku ule. Akaliacha wazo hilo lipite.

Alisikia nyayo. Alisikia kikohozi cha Néhémie karibu kabisa na kisogo chake, akafurahi. Akasikia fimbo ya mzee Yonatani, jirani yao, na vicheko vya vijana wa mlimani. Mstari wake ulikuwa unakua, aliuhisi mgongoni. Kisha akaanza kuisubiri sauti ya Chantal, kwa sababu Chantal hawezi kufika mahali bila kuimba. Akaisubiri. Aloys akamaliza ubeti wa pili, akaanza wa tatu.

Shingo ilimuwasha Goretti. Akaigeuza kidogo tu.

"Wewe mama!" afisa alimkemea. "Angalia mbele! Nyuma hapana!"

Filimbi ikalia tena. Mistari ikafungwa, na afisa akaanza kupita akigusa bega la kila mtu na kuhesabu kwa sauti, taratibu, mstari wa Aloys kwanza. Alipomaliza wa Goretti, alirudi mbele akatangaza. Aloys Semahoro alikuwa ameshinda kwa watu tisa.

Goretti akageuka. Hapo ndipo alipouona mstari wake wote: Néhémie, mzee Yonatani, vijana, vikongwe waliodhani wanamchagua Modeste, na mwishoni kabisa Modeste mwenyewe na koti lake, mkono begani mwa aliye mbele yake kama mwanafunzi mtiifu. Hakukuwa na hata kitambaa kimoja cha kwaya. Alimwendea kwa hatua ndefu.

"Kwaya iko wapi?"

"Mama Olga, usikasirike kwanza."

"Modeste. Kwaya iko wapi?"

"Balienda ku bomba." Modeste alijifuta jasho. "Mayi ilikwisha. Wali haiwezi kupikwa bila mayi, si unajua? Nilibaambia bakimbie tu, kura ya huku haianzaka mapema."

"Mapipa mawili yamekwishaje?"

Modeste akaangalia chini, kwenye ule uwanja uliolowa, na Goretti akafuata macho yake. Hakuhitaji kuelezwa. Lakini Modeste hakuwahi kuacha jambo bila kulieleza.

"Vumbi ilikuwa mingi," alisema. "Ofisa hawezi kuja kula vumbi ya kwetu. Asubuhi nikamwanga mayi kidogo. Kiwanja nacho ni kikubwa."

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Wanawake kumi na wanne walikuwa wamepanga mstari tangu saa tatu, tena mstari ulionyooka, lakini ni mstari wa madumu, bondeni, mlangoni pa Aloys. Goretti alitaka kupiga kelele. Alitaka kumvua shemeji yake lile koti na kulitupa motoni chini ya maharage. Hasira ilimpanda hadi macho yakamwuma, halafu, kwa kuwa watu walikuwa wanatazama, ikambidi aimeze.

Wimbo ulisikika kabla wenyewe hawajaonekana. Walipanda kilima mmoja nyuma ya mwingine, madumu vichwani, maji yakiwamwagikia shingoni, wakiimba ule wimbo wa kampeni waliomtungia wenyewe. Chantal alikuwa mbele. Alipowaona watu wametawanyika uwanjani alinyamaza, na wenzake wakanyamaza nyuma yake.

"Goretti," alisema. "Tumechelewa? Mustari yako iko fasi gani?"

"Imekwisha," Goretti alimjibu. "Tueni mizigo."

Chantal alitua dumu lake, akakaa juu yake, akajifunika uso na kitambaa. Modeste alijaribu kusema kwamba hata kushindwa kwa tisa ni heshima, lakini Néhémie, ambaye ni mtu wa maneno machache, akamwambia neno moja: "Nyamaza." Basi wali ukapikwa. Ungefanywa nini? Watu wameitwa, na desturi haingoji mtu atulie moyo. Walikula wa mstari huu na wa mstari ule, na ukweli lazima usemwe, wa mstari ule ndio waliokula zaidi.

Mgeni wa kwanza kunawishwa ni mshindi. Goretti alimwambia Chantal aketi, akachukua jagi na beseni yeye mwenyewe, akampigia magoti Aloys kama inavyotakiwa. Olga alisimama karibu na kitambaa cha kufutia. Aloys akanyoosha mikono, Goretti akamimina, na yule mzee akaanza kusugua vidole kimoja kimoja, bila haraka, kama mtu ambaye hajawahi kupimiwa maji.

"Mayi ya baridi," alisema akitabasamu. "Merci, Mama Olga. Mulitoa fasi gani?"

"Ku bomba yako, chamani," alisema Goretti. "Unawe polepole. Hii mayi ndiyo kura yangu."

Aloys akaacha kusugua. Goretti alimalizia kummiminia, maana mgeni hanawishwi nusu, kisha akainuka, akaangalia pipa, maji yamekwisha tena, akampa Olga dumu tupu.