Lugha ya Tambura

Zdenka alizikwa siku ya mvua, na wiki hiyo hiyo mumewe, Elinaja, akarudi kazini kwenye bohari la Hayes, magharibi mwa London, kama mtu aliyetoka likizo. Wenzake walimpa pole, akaitikia. Walimwuliza kama anapata usingizi, akasema anapata, na kweli alikuwa akilala kama gogo. Alikula kwa sababu saa ya kula ilifika. Watanzania wenzake wa kanisani walipopiga simu wakitaka kuja kukaa naye, aliwaambia waje wiki ijayo, na wiki hiyo ilipofika akawaambia hivyo hivyo. Machozi hayakuja. Alijipapasa moyoni jinsi mtu anavyojibonyeza shavu baada ya sindano ya daktari wa meno: anajua shavu ni lake, ila halisikii.

Marehemu alikuwa Mkroatia, mwalimu wa tambura. Tambura ni ala ya nyuzi ya kwao Slavonia, ambayo ukiiona kwa mbali utadhani ni gitaa lililonyimwa chakula. Haipigwi peke yake mara nyingi. Huja kama ukoo mzima, kuanzia ile ndogo inayoimba juu, zile za kati zinazojaza, mpaka besi, ambayo mpigaji huipiga akiwa amesimama. Klabu ya Wakroatia wa London ilipokosa mtu wa besi, Zdenka alimtazama mumewe juu mpaka chini. "Wewe ni mrefu," alimwambia. "Mengine nitakufundisha." Na akamfundisha. Lakini kwenye darasa lake la watoto, lililokuwa Jumamosi asubuhi katika shule moja ya muziki Wembley, Elinaja hakuwahi kukanyaga.

Ndiko alikoitwa sasa. Emma, mkuu wa shule hiyo, alimpigia simu akamweleza kwamba mwalimu mwingine wa tambura hajapatikana, na watoto wana onyesho mwisho wa muhula.

"Mimi sijui kufundisha," Elinaja alisema.

"Lakini tambura unaijua."

"Najua besi."

"Basi njoo uwe nao tu, wasikae bila mtu."

Kukataa kungetaka maelezo, na maelezo yangetaka nguvu. Akakubali.

Aliwakuta watoto watano wamekaa nusu duara, tambura mapajani, wakimkodolea macho. Kiongozi wao alikuwa msichana aitwaye Nurjehan, mpigaji wa tambura ndogo, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Pembeni yake alikaa Ryan Kamande, ambaye wazazi wake ni Wakenya. Huyu alipiga tambura ya kati. Elinaja aliwaomba wapige chochote. Walipiga, na ilikuwa vurugu. Sauti ya tambura haidumu yenyewe. Mkono lazima utetemeke juu ya uzi, upesi na kwa ulaini, mpaka mapigo mengi yasikike kama sauti moja ndefu. Mikono ya watoto hawa ilikuwa imekakamaa kama ya watu wanaopiga mswaki kwa hasira.

Namna ya kuirekebisha hakuijua. Akafanya alichokijua, alichofanyiwa na mwalimu wa kwaya ya usharika kule Machame.

"Wekeni ala chini," alisema. "Tuimbe."

Akaandika do, re, mi ubaoni, akawaimbisha kila mmoja sehemu yake mpaka sauti zikakubaliana. Kisha akawaambia wachukue ala, akasimama kwenye besi, akawahesabia kwa Kiingereza: one, two, three. Yeye akaingia peke yake. Watoto walibaki wakitazamana.

"Miss hakuwa anahesabu hivyo," Nurjehan alisema.

"Alihesabuje?"

Nurjehan alinyoosha mgongo, akainua kidole, na uso wake ukabadilika kidogo, ukawa wa mtu mzima mkali asiye na ubaya.

"Moya, mbili, tatu, khaya!"

Watoto wote wakaingia kwa pamoja.

Elinaja hakupiga. Alisimama ameikumbatia besi, akawasikiliza mpaka walipopotezana tena na kunyamaza. Kwa miaka yote ya ndoa yao, Zdenka alikataa Kiswahili. Elinaja alipomsemesha kwa Kiswahili, alijibiwa kwa Kiingereza. Dada yake Elinaja alipopiga simu kutoka Moshi, Zdenka alipunga mkono kwenye skrini, akamrudishia mumewe simu. Walishagombana kwa ajili hiyo, wakachoka, wakaacha.

"Mnajua hiyo ni lugha gani?" aliuliza.

"Kikroatia," Nurjehan alijibu. "Lugha ya tambura."

"Niliwaambia ni Kiswahili!" Ryan alidakia kwa Kiingereza chake cha Wembley. "Mama yangu anahesabu hivyo, ila yeye anasema moja. Hawakuniamini."

"Na Miss alisemaje?"

"Alinikonyeza."

Elinaja alingoja. Alidhani hapo ndipo kitu kitapasuka. Hakikupasuka. Alisema, "Haya, tena," wakapiga tena.

Alipokuwa kwenye basi, akirudi Hayes, ndipo kitu kilipomjia, nacho kilikuwa hasira. Watoto wa watu walipewa, yeye alinyimwa. Alitaka kumwuliza Zdenka ni kwa nini, na alitaka jibu leo hii, wala si jibu la kubahatisha. Hasira ilidumu vituo vitatu au vinne, ikaisha, akabaki akitazama maduka yakipita.

Jumamosi zilizofuata alijaribu kuwasahihisha ile j, ambayo kwa Kikroatia husomwa y. "Ni moja," aliwaambia. "Siyo moya."

"Hiyo siyo ya Miss," Nurjehan alisema, na mjadala ukafungwa.

Siku ya onyesho, wazazi wakiwa wamejaza ukumbi mdogo wa shule, Elinaja alihesabu jinsi watoto walivyotaka, kwa matamshi ya marehemu. Walianza upesi mno. Katikati mmoja alipotea, akajiokota. Mkono wa Nurjehan ulitetemeka inavyotakiwa, na kwa muda mfupi sauti ya tambura yake ilinyooka, ikakaa. Elinaja aliisikia, akajua kuwa ni nzuri, jinsi mtu anavyojua kuwa nje kuna baridi akiwa ndani. Walimaliza karibu pamoja. Watu wakapiga makofi.

Emma alimfuata na habari: mwalimu amepatikana, kijana kutoka Osijek, huko huko Slavonia, ataanza Septemba. "Lakini mtu wa besi hatuna."

"Nitakuja," Elinaja alisema, akashangaa kwamba hakufikiri kabla ya kusema.

Watu walipokuwa wakitoka, mama mmoja aliyevaa sare ya wauguzi chini ya koti alimjia.

"Mwalimu, mimi ni Margaret, mamake Ryan. Pole sana."

"Asante."

"Yaani mimi hata sikupata nafasi ya kuongea na yeye vizuri, kila mara nakimbilia shifti. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Tangu msiba, watu walikuwa wakimwuliza yeye anaendeleaje. Hili hakuna aliyemwuliza.

"Mbishi," alisema.

Margaret alicheka, akavuta kiti. "Eeh, hebu niambie."

Akamwambia. Akamsimulia jinsi Zdenka alivyomenya ndizi za mtori, ile supu nzito ya kwao Machame, amevaa glavu kwa kuogopa utomvu, kisha akaujaza mtori chumvi na kuapa kwamba aliacha kuuonja kwa makusudi. Akamsimulia jinsi alivyolia akitazama matangazo ya televisheni na kukauka macho kwenye mazishi ya mama yake mwenyewe. Mlinzi alianza kupandanisha viti upande wa pili wa ukumbi. Katikati ya sentensi sauti ya Elinaja ilikatika. Margaret hakumgusa wala hakumhimiza. Aliinamia mkoba wake, akatafuta kitu ambacho pengine hakikuwemo. Ryan alikuwa amekaa jukwaani, akining'iniza miguu, akimngoja mama yake.

Elinaja alijifuta uso kwa kiganja, akapumua. Kisha akaendelea, maana alikuwa bado hajafika kwenye habari ya namna Zdenka alivyokuwa akiendesha gari.