Upande Aliosimama Nakhumicha

...na kile kitambaa cha kijani ni cha Wangu, marehemu mkewe, hapana shaka, kile chenye doa la chai kwenye pindo, kilichokuwa kimekunjwa ndani ya sanduku juu ya kabati kule nyumbani Matisi, hapa Kitale, tangu mazishi, sasa kimefikaje kichwani mwa Nakhumicha, na Nakhumicha mwenyewe amefikaje kule, kushoto kwa mlingoti wa bendera, kati ya watoto wenye viondo, vikapu vya Kikuyu, mgongoni, ilhali wenzake wenye majina ya kabila la baba kama lake wamepangwa kulia, njuga miguuni... Wekoye anajisogeza mbele kwenye kiti cha plastiki, labda macho yamemdanganya, lakini haya ni macho ya mpima ardhi, yamezoea kutafuta kigingi kilichozama kwenye nyasi, hayakumdanganya, ni binti yake, shingo ndefu ya mama yake, anatazama chini. Mwalimu mkuu anasema kwenye kipaza sauti kwamba siku ya utamaduni ni ya kuonyesha kuwa shule yetu haibagui, kila jamii ina nafasi yake hapa, na Wekoye anaiona hiyo nafasi, imechorwa kwa chokaa uwanjani, mstari kwa kila kabila, asubuhi walikuwa watoto wa Gredi ya Tano tu na sasa wana mipaka, na ni nani aliyeishika hiyo chokaa, nani aliyeamua mtoto wa Wekoye asimame wapi, nani kama si Mwalimu Kagwe, mwalimu wa darasa, yule anayepita kati ya mistari akiwanyoosha watoto mabega, Kagwe ambaye ni wa kwao Wangu, aliyekuja Misikhu, kwao Wekoye, kwenye mazishi na basi la shule akaenda kukaa na wakwe badala ya kukaa na walimu wenzake, siku ile jambo hilo halikuwa na maana, leo lina maana, kila kitu leo kina maana...

"Baba Nakhumicha, si unaona?" Ni Jentrix, jirani yake, ambaye mwanawe amefungwa njuga upande wa kulia, anaongea bila kugeuza kichwa. "Ati mtoto amepelekwa kwa hao watu. Na hicho kitambaa ni cha kuficha, bana. Wasione alinyolewa kwetu."

Kuficha, hilo hakuliwaza, lakini linaingia mahali pake bila kusukumwa, maana kichwa kilinyolewa kweli, siku ya tatu baada ya mazishi, kama inavyotakiwa, dada yake Phelista ndiye aliyeshika wembe, uani kule Misikhu, na mtoto hakulia, alitulia kama mtu mzima, Wekoye akasema kimoyomoyo, huyu ni jasiri, na Phelista alipomaliza alimpangusa kichwa kwa kiganja akasema, sasa huyu ni wetu kabisa, na yeye akashukuru, akaona ni upendo... Simu inatetemeka mfukoni, hahitaji kuitazama, ni Phelista, anataka jibu, kitanda kiko tayari, shule ya kule imekubali, mtoto wa kike hawezi kulelewa na mwanamume peke yake, na huko Kitale watu wa mama yake watamgeuza, na Wekoye aliahidi kujibu leo, alipokuwa akifunga viatu aliamua kwamba akiona dalili moja tu leo, moja, atasema ndiyo, mtoto aende Misikhu muhula ujao, na dalili ndiyo ile, imevaa kitambaa. Wangu angecheka. Wewe Wekoye, alikuwa akisema, hata mvua ikinyesha utauliza imetumwa na nani... kisha angecheka mpaka aweke sufuria chini, na sasa jikoni hakuna wa kuweka sufuria chini, hapana, si sasa, Kagwe anakuja upande wa viti, maneno yako tayari, ameyapanga, hatapaza sauti, atauliza tu, na anauliza, ni nani alimpanga mtoto wangu kule.

Kagwe anainama mpaka usawa wa sikio lake. "Mzazi, nilimpanga na wale wa njuga. Tulifuata jina la baba. Yeye ndiye alikataa."

"Alikataa vipi?"

"Alisema huko kwenu cucu yake, mama ya mamake, alinyamazishwa. Ati mama aliimbiwa wimbo nusu. Akaniuliza, nikisimama na wao, mimi pia nitanyamazishwa? Nikamwacha asimame anapotaka. Hicho kitambaa alikuja nacho kwa mfuko."

Anaondoka, mwalimu mkuu anamwita, na Wekoye anabaki na hadithi ile kama mtu aliyepewa kitu cha moto, hadithi ya kupangwa, amefundishwa kusema hivyo, angalia jinsi alivyokuwa nayo tayari... lakini yeye haamini kigingi mpaka arudi kukipima na kile cha nyuma yake, ndivyo alivyofanya kazi miaka yote, basi pima. Wimbo. Asubuhi ya mazishi, jeneza bado sebuleni, wanawake ndani, wanaume nje, na yeye nje pamoja nao, na kupitia ukutani akasikia sauti ya mama mkwe, cucu wa mtoto, ikianza kwa Kikuyu, taratibu, ubeti mmoja, na kabla ya wa pili ikakatika. Akadhani amezidiwa na kilio. Wiki zote hizi amedhani ni kilio. Lakini baada ya sauti kukatika hakusikia kilio, alisikia mlango, na aliyetoka wa kwanza alikuwa Phelista, akasema, tumemaliza, mtoeni... na Kagwe hakuwapo, basi la shule lilifika jeneza likiwa tayari hemani, Kagwe hakuusikia wimbo ule, na hata kama wakwe walimsimulia, swali lile la kunyamazishwa si la mtu mzima, ni la mtoto aliyekuwa amesimama kichwani pa jeneza.

Na mtoto akamwambia Kagwe. Hakumwambia baba. Alipanda juu ya kiti, akashusha sanduku, akakificha kitambaa cha mama yake kwenye mfuko wa shule, alimficha nani, nyumbani wako wawili tu... kumbe wakati Wekoye akimshuku kila mtu, mezani kwake palikuwa na mtu anayemshuku yeye. Na kule uani, wembe, utulivu ule, ule haukuwa ujasiri.

"Amekuambia nini?" Jentrix anauliza. "Si nilikuambia?"

Simu inatetemeka tena. Mwalimu mkuu bado anasema nafasi, kila jamii na nafasi yake, chokaa bado iko uwanjani na kesho itakuwa imekanyagwa lakini watoto watakumbuka walisimama wapi, Wekoye atakuja kuwauliza Kagwe na mwalimu mkuu juu ya mistari hiyo, lakini si leo, leo Nakhumicha ameinua macho, anayapitisha kwenye viti vya wazazi, kiti baada ya kiti, bila haraka, na Wekoye anaujua mtazamo ule, ni wake mwenyewe, wa mtu asiyeamini kitu mpaka akipime, basi anaiacha simu itetemeke, anakaa wima, anaweka mikono yote miwili magotini mahali inapoweza kuonekana, na anangoja apimwe.