Banzi la Kufungulia Ngumi

Kiharusi kilipompiga mama, mkono wake wa kulia ulijifumba na haukufumbuka tena. Vidole vilikaza mpaka kucha zikachimba kiganja, naye hakusikia maumivu, maana ganzi ilikuwa imetwaa upande mzima. "Mwanangu, sasa nimekuwa mkono wa birika kweli," alizoea kusema kwa ulimi mzito, akicheka kwa nusu ya mdomo. Binti yake alicheka naye, kisha akaenda kulia jikoni.

Binti huyo alikuwa fundi katika maabara ya plastiki. Wenzake walimwita Kiherehere, na hawakumsingizia. Walikuwa wakihangaika na plastiki inayokumbuka umbo lake la kwanza: unailainisha kwa maji ya moto, unaikunja utakavyo, unaipoza, inatulia. Ikipata joto la mwili, inarudi taratibu ilivyozaliwa. Kiherehere aliona humo mkono wa mama yake. Angetengeneza banzi la kufungwa mkononi, lenye umbo la kiganja kilichokunjuliwa, alikunje juu ya ngumi, kisha liifungue ngumi lenyewe polepole. Kwa kuwa kiganja cha mama hakikufunguka, kalibu ya kuliundia banzi aliitoa kwenye kiganja chake mwenyewe. Walifanana mikono hata hivyo, ukoo mzima ulisema.

Banzi la kwanza lilikuwa legelege. Nyuzi ndogondogo zinazounda plastiki ile hazikushikana, zilivutwa zikateleza, na kila lilipopashwa moto lilisahau kidogo. Basi wakatia dawa ya kuzifunga nyuzi hizo moja kwa nyingine. Plastiki ikapata nguvu. Kiherehere akaongeza dawa, kisha akaongeza tena, hadi kipande chembamba kikainua jiwe la mizani na kurudi umbo lake bila kukosea. Maabara nzima ikampigia makofi.

"Usije ukaipeleka nyumbani," mkuu wa maabara alimwonya. "Tumepima inavyorudi. Hatujapima inasukuma kwa nguvu gani ikikuta kitu kimekataa."

"Sawa, mzee," alijibu, na moyoni alikuwa ameshafika nyumbani.

Asidhaniwe hakujali. Alilijaribu banzi mkononi mwake kwanza, akakaa nalo tangu asubuhi hadi jioni, halikumbana hata chembe. Lingembanaje? Lilitolewa kwenye mkono uleule! Mtu na akili zake, tena fundi, hakuliona hilo. Alichoona ni mama akishika kikombe.

Asubuhi iliyofuata alimvalisha mama, akakaza mikanda, akaenda kazini akiimba. Aliporudi alasiri alimkuta mama dirishani, macho yanang'aa.

"Njoo uone! Njoo!"

Ngumi ilikuwa imefunguka. Vidole vyote vililala vimenyooka ndani ya banzi, na Kiherehere akapiga kigelegele. Alipiga magoti, akafungua mikanda haraka haraka, akalitoa banzi.

Kidole cha kati na cha pete vilining'inia. Chini yake ngozi ilikuwa imevimba, imegeuka rangi ya zambarau, na alipogusa kwa ncha ya kidole, mfupa ulicheza ndani. Akaogopa kugusa tena. Mikononi mwake banzi lilikuwa zima, halina hata ufa, na lilikuwa na umbo la kiganja chake barabara.

"Umefunguka, sivyo?" mama aliuliza.

"Umefunguka, mama."

"Nilijua tu. Nilisikia kitu kikilia kama kijiti kikikatika, nikasema, haya, kimeachia." Akauinua mkono mbovu kwa ule mzima, akaulaza juu ya kiganja cha binti yake, vidole juu ya vidole. "Tazama, tunatoshana. Kesho univalishe tena, eti?"

Kiherehere alilisukuma banzi kando kwa mkono mwingine, akijua ni lazima waende hospitali. Mama alikuwa bado anatabasamu, akingoja jibu, na vile vidole viwili vilikuwa vinaanza kupoa.