Jumatano ya Mama Tom

Saa saba mchana majirani walipoweka mawe chini na kunawa mikono, Shanice alidhani wanapumzika. Kisha akawaona wakitia majembe begani na kushika njia ya kwao.

Ukuta wa mawe ulioshikilia shamba juu ya nyumba ya mama yake, Wakesho, ulikuwa umebomoka kwa mvua ya wiki iliyopita, na sasa ulikuwa umejengwa nusu tu. Kwingine kote kulikuwa na udongo mbichi ulioachama. Upande wa Mwatate wingu lilikuwa limekolea weusi. Mvua ikiwahi kabla ya ukuta, udongo wote ule ungeteremka hadi jikoni kwa Wakesho.

Mama huyo alikuwa ametaka kuita msaragambo, kama alivyozoea tangu aolewe huku mlimani: majirani waje, wafanye kazi mpaka iishe, wale kimanga, na siku yao ikifika naye aende kwao na jembe lake. Shanice akakataa katakata. Yeye ni karani katika duka la jumla la Munir kule Voi, na nyumbani huja Jumamosi mojamoja tu. Hizo siku za kurudisha angezitoa wapi? Na magoti ya mama yalikuwa yamechoka. Kwa hiyo aliwatumia majirani malipo ya kibarua kwa simu, mapema kabisa, akajiona mjanja. Wakesho alipoambiwa, kimanga alipika vilevile.

Haya, kibarua kina saa zake, na saa zilikuwa zimekwisha. Shanice alimkimbilia Mama Tom, jirani wa ng'ambo ya kijito, akamwambia ataongeza malipo, hata mara mbili. Mama Tom akatikisa kichwa. Alikuwa na mahindi yameanikwa nje, na kila mtu pale alikuwa nayo.

"Pesa yako tumeifanyia kazi," alisema. "Hatudaiani."

Neno hilo lilimkata Shanice maini. Ndilo hasa alilolitaka, asidaiwe siku yake na mtu yeyote, na sasa alikuwa amelipata. Nyuma yake alimsikia mama yake akiburuta jiwe peke yake, akihema. Aibu ilimshika mpaka shingoni.

"Mama Tom, naomba mtusaidie. Si kibarua. Naomba tu."

"Na mimi nikikuomba?"

"Nitakuja."

"Utakuja wewe, ama utatuma simu?"

"Nitakuja mimi mwenyewe."

Mama Tom akamtazama kuanzia viatu hadi usoni, kisha akasema Jumatano anapanda viazi, na anamtaka alfajiri. Shanice akasema lazima kwanza amwombe Munir ruhusa. Jumatano ndiyo siku lori la mzigo linaposhusha dukani, na Munir hana mchezo na siku hiyo. Karani aliyemtangulia alifutwa kwa kuikosa mara moja tu. Wingu likanguruma.

"Mpigie sasa," Mama Tom alisema. "Nisikie."

Alipiga. Munir alimuuliza kama anaumwa. Hapana. Amefiwa? Hapana. Hizo ndizo ruhusa mbili zinazojulikana dukani, na ingekuwa rahisi kumzulia shangazi kifo. Lakini Mama Tom alikuwa amesimama palepale, ametega sikio.

"Jumatano sitakuja, bosi. Nina kazi kwa jirani."

"Kazi?" Munir alisema. "Kwani kazi yako wewe si hii hapa, Shanice?"

"Hata ya jirani ni kazi, bosi."

Simu ikakatika. Shanice aliitazama, asijue kama bado ana ajira, na aliogopa kweli, kwani dawa za mama yake zilitoka kwenye mshahara huo. Mama Tom alikuwa amekwisha kugeuka, akiwaita Sylus na majirani wengine waliokuwa wamefika kwenye kona. Wakarudi. Watoto wakatumwa kuanua mahindi, wakubwa wakajipanga mstari kutoka kwenye lundo la mawe hadi ukutani, na hakuna aliyeuliza ni saa ngapi.

Matone ya kwanza yalipoanguka, Mama Tom alimwekea Shanice jiwe mikononi, zito, lenye ncha.

"Shika vizuri, usijikate," alisema. "Hiyo mikono naihitaji Jumatano."