Kadi Iliyosafiri na Mkate

Mkate ukifika kwa Bi Pindo, mara nyingi haukufika peke yake. Chini ya kreti, ndani ya kikopo cha vifungo, ilikuja kadi ya gemu, ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Kengele, mpeleka mikate, aliikabidhi kwa adabu kama mtu aliyetumwa posa. Hakusema kitu. Alishaambiwa asiseme kitu.

Bi Pindo alikuwa fundi cherehani, na jina hilo alipewa na wateja kwa sababu pindo aliloshona yeye halikuwahi kuachia. Kadi ilitoka kwa mdogo wake wa tumbo moja, mwokaji wa mikate barabara ya pili, na dada hawa wawili hawakuwa wakisemeshana. Chanzo kilikuwa gauni. Binti wa mwokaji alipokuwa anaolewa, Bi Pindo ndiye aliyelishona gauni lake, na alilishona kwa roho yake yote. Harusi ikiwa mlangoni, mdogo wake akasema mkono wa kushoto umepinda, akalipeleka kwa fundi mwingine likafumuliwe. Mwambie fundi kazi yake mbaya, atanuna kidogo kisha atakusamehe. Ifumue bila kumwambia, hapo umemfumua mwenyewe.

Basi maneno yakakatika. Wanasema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Majirani wakachukua majembe yao, kila mtu na shamba lake.

Kilichobaki ni gemu. Kila mmoja alikuwa na mashine yake ya mkononi, ya kizamani, yenye tundu la kuchomeka kadi kwa nyuma, lakini kadi ilikuwa moja tu. Vigae vinaanguka kutoka juu, unavigeuza vikae sawa. Ukizembea vinajaa, umekwisha. Mwisho unatokea ubao wa rekodi, na rekodi hizo zinakaa ndani ya kadi yenyewe. Juu kabisa paliandikwa ama DADA, ama MDOGO. Ukimpita mwenzako unairudisha kadi naye akahangaike. Hujampita, kaa nayo mpaka umpite. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao, na matusi yao, na habari za afya. Mara moja kadi ilichelewa kurudi, Bi Pindo akajua mgongo umemkamata mdogo wake tena, akampa Kengele chupa ya dawa ya kuchua. Bila neno.

Sasa, Bi Pindo alikuwa na mwana, fundi wa mtandao, wa kupanda nguzo na kuvuta nyaya. Alimpenda mama yake, ila upendo wake ulikuwa na haraka. Siku moja akaingia na boksi kwapani.

"Shikamoo mama. Fumba macho."

"Marahaba. Nikifumba macho nitajishona kidole. Weka hapo."

Ndani ya boksi mlikuwa na mashine mpya ya gemu, kioo kipana, inang'aa. Bi Pindo akaigeuza huku na huku kama anayekagua kitambaa upande wa ndani.

"Tundu liko wapi?"

"Haina tundu, mama. Mambo ya kadi yamepitwa na wakati. Siku hizi gemu unalishusha kutoka mtandaoni, linakaa humuhumu. Halipotei, haliibiwi, halichakai. Nimekushushia lilelile la vigae, na akaunti nimekufungulia."

"Na ile mashine yangu?"

"Ile kuukuu? Nimempa yule muuza gemu wa karibu na stendi, akanipunguzia bei ya hii."

Bi Pindo akaondoa mguu kwenye pedali. Cherehani ikanyamaza.

"Na kadi iliyokuwa ndani?"

"Imekwenda na mashine yake. Ya nini tena? Tazama, hapa una ubao wa dunia nzima! Utashindana na watu wa kila nchi."

"Dunia nzima haijafumua gauni langu," alisema Bi Pindo. "Mama yako mdogo anaisubiri kadi ile. Ilikuwa zamu yangu."

Kwamba hawasemeshani, kijana alijua. Habari za kikopo hakuwa nazo, maana hula mkate bila kuuliza ulikuja vipi.

"Basi nitamshushia na yeye. Nitamtumia mwaliko mtandaoni, mnacheza kila mtu kwake."

"Mwaliko! Baada ya ukimya wote huu akipata mwaliko wangu, atajua nimekufa, anaitwa mazikoni."

Kabla hajajibiwa, kengele ya baiskeli ikalia nje, na Kengele mwenyewe akaingia na mkate mtupu.

"Nimeambiwa nisiseme kitu," alisema, "na sisemi. Ila jana alitazama chini ya kreti. Leo katazama tena, akainama kabisa. Halafu akaenda kukanda unga kama anayempiga mtu."

Bi Pindo akavua utepe wa kupimia shingoni, akavaa viatu vya kutokea. Alijua vizuri mdogo wake anawaza nini: kamba iliyobaki imekatwa, na aliyeikata ni dada.

Duka la muuza gemu lilikuwa chumba chembamba chenye kabati la kioo, na ndani ya kabati kadi zimepangwa kwenye visanduku kama vifungo. Mwenyewe alikuwa mtu mfupi mwenye miwani juu ya paji la uso.

"Karibu mama! Unamtafutia mjukuu?"

"Mjukuu gani? Mchezaji mwenyewe unamwona. Mwanangu alikuletea mashine yangu."

"Aa, ile! Imeshaondoka, mama. Kaichukua dereva wa lori. Watu wa safari ndefu hawataki mambo ya kushusha, huko njiani mtandao haushiki. Lakini kadi yake niliitoa. Imo humo, kama utaijua."

Angeikosaje? Kona moja ilikuwa imeyeyuka, tangu siku mdogo wake alipoisahau juu ya bati la moto. Vidole vyake vilipita kisanduku cha kwanza, vikaingia cha pili, vikasimama.

"Hii. Ichomeke nione."

Muuza gemu akaichomeka kwenye mashine yake ya kujaribia. Vigae vikatokea, muziki ukalia. Bi Pindo akaviacha vijae mpaka mwisho, apate kuuona ubao. Ubao ukaja mweupe, hauna jina hata moja.

"Hapa palikuwa na majina."

"Nimeyafuta, mama," alisema yule bwana, kwa fahari ya mtu aliyeosha vikombe kabla ya wageni. "Kila kadi inayoingia hapa naifuta. Mteja anapenda kitu kianze upya."

Bi Pindo akavuta stuli, akakaa. Jina la juu lilikuwa MDOGO, na pointi zake zilikuwa nyingi kuliko walizowahi kupata wote wawili. Angeitia kadi hii kwenye kikopo aitume, kule ingefunguliwa na kuonekana imefumuliwa. Ingesemwa amelipiza. Na ukweli ni kwamba alishatamani kulipiza, tena sana. Sasa kisasi kilikuwa mkononi mwake na hakikuwa na utamu wowote.

Mwanawe akatokea mlangoni anahema, kofia ya kazi bado kichwani. Akaelezwa.

"Unaona sasa, mama? Kwenye akaunti rekodi zisingefutika hivi. Zote zinahifadhiwa huko juu."

"Umesema kweli, mwanangu, siwezi kukubishia. Lakini huko juu hakuna mpeleka mikate." Akamlipa muuza gemu, akasimama, akanyoosha gauni lake.

"Nipe basi nimpelekee mimi, nimweleze."

"Hili si la kutumwa. Nenda ukavute nyaya zako."

Akaenda kwa miguu, kichwa juu, kama anayekwenda kudai haki yake, ingawa safari hii alikuwa anapeleka. Alipokanyaga kizingiti cha chumba cha tanuri, Kengele, aliyekuwa akipanga kreti nje, aliibonyeza kengele ya baiskeli bila kujua.

Mwokaji alikuwa na unga mpaka viwikoni. Akamtazama dada yake, akatazama mkono wake.

"Kadi iko wapi?"

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno ya kwanza tangu harusi.

"Hii hapa. Rekodi zimefutwa."

Mikono ikasimama ndani ya unga. "Zote?"

"Zote, zako na zangu. Mtoto aliiuza akidhani ananifanyia wema, na muuzaji akaifuta akidhani ndiyo kazi. Mimi sikuifuta. Nimekuja mwenyewe uniambie usoni unaniamini au huniamini, usije ukabaki unauliza mkate."

"Ile rekodi niliipata mikate ikiungua."

"Najua. Niliula mkate huo."

Mwokaji akataka kucheka, akajizuia. Akaichukua kadi, akaigusa ile kona.

"Inauma," alisema, "mtu kufuta kazi yako bila hata kukuuliza..." Wote wawili walikuwa wamelisikia gauni likipita humo ndani.

"Mkono ulikuwa umepinda, dada."

"Haukupinda. Lililopinda ni bega la mwanao, amerithi kwa baba yake."

"Hilo bega kweli limepinda," alikubali mwokaji. Kisha, akiutazama unga: "Lakini ilinipasa nikuite. Ningekuita ulifumue mwenyewe."

"Ningelifumua."

"Ungenitukana kwanza."

"Ningekutukana, tena ukakoma. Kisha ningelifumua."

Mwokaji akajifuta mikono kwenye aproni, akafungua droo, akatoa mashine yake kuukuu yenye vumbi la unga kwenye vitufe.

"Lete na yako, tuone kama kadi bado inashika."

"Yangu imekwenda na dereva wa lori. Niliyo nayo sasa haina tundu."

"Kwa hiyo huna pa kuichomeka."

"Sina."

"Itabidi kila zamu yako uje hapa."

"Itabidi. Na viti vyako ni vibaya."

Mwokaji akamburutia gunia la unga, akajivutia jingine. Kadi ikaingia kwenye tundu, ikalia *tik*.

"Anza wewe, mkubwa."

"Wewe ndiye uliyekuwa unaongoza. Anza, nikuone unavyoanguka."

"Sogea basi, unaniziba taa."

Kengele akaja mpaka mlangoni, kreti tupu mkononi. "Mama zangu, leo napeleka nini?"

"Subiri!" walisema wote wawili, hakuna aliyeinua macho.

Akasubiri. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusikia harufu ya mikate ikiungua.